Rubaya: Mji wa Wageni, Kituo cha Wenyeji

Rubaya, mji wa machimbo katika wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Goma, na wengi wa wanaoujaza wametoka kwingine. Wapo vijana waliokuja kuchimba coltan, madini yanayotoa tantalamu ya kutengenezea vipuri vya simu na kompyuta. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, milima ya Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya coltan ya dunia nzima. Wapo wake waliofuata waume, wachuuzi waliofuata wachimbaji, na wapagazi wanaoshusha magunia mlimani. Zipo pia familia ambazo hazikufuata chochote, zilikimbia tu: mapigano yalifika kijijini kwao, zikabeba sufuria na watoto, zikajenga vibanda vya bashi, yaani turubai, pembezoni mwa mji. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na kutoka hapo kuhama na kuhamia kumeendelea. Mtu anayefika mahali kama hapa akiwa mgonjwa huulizwa kwanza kama ana fedha. Nadhani swali hilo linakuja mapema mno. Hoja yangu ni kwamba huduma ya afya huku imepangwa kwa ajili ya mtu anayejulikana, ilhali mji wenyewe ni wa watu wasiojulikana bado. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta mgeni, kumpokea na kumwonyesha njia ni sehemu ya tiba yenyewe, na mwenye jukumu la kuifanya ni huduma, si mgeni.

Tuanze na jinsi mfumo ulivyojengwa, kwa sababu kosa haliko kwa wauguzi. Kwenye karatasi, Kongo ina mpangilio wa afya ambao nchi nyingi zingeuonea wivu. Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililotaka huduma ya msingi imfikie kila mtu, nchi iligawanywa katika zoni za afya, na leo zoni hizo zimezidi 500. Kila zoni ina hospitali kuu ya rufaa. Chini yake kuna maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake, muuguzi mkuu wake, na wahudumu wa kujitolea ambao kila mtu anawaita reko. Kituo hukadiria watu wa eneo lake. Kutokana na hesabu hiyo hupangwa dozi za chanjo, vyandarua, vipimo vya malaria, dawa za minyoo na maziwa ya watoto wenye utapiamlo. Ni mpango wenye mantiki: ukijua watu wako ni wangapi, unajua uagize nini. Lakini mantiki hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba watu watakaokuja mwezi ujao ni walewale waliohesabiwa mwaka jana. Rubaya sharti hilo huvunjika kila vita vinaposogea na kila habari ya shimo jipya lenye madini inapozagaa. Hesabu hubaki ya zamani, foleni huwa mpya, na dawa huisha kabla mwezi haujafika katikati. Anayeambiwa dawa zimekwisha huwa ni yeyote aliyechelewa kufika, na anayechelewa zaidi ni yule asiyejua siku wala saa ya kwenda.

Tuitazame hali hiyo kwa karibu. Mama amefika jana jioni kwa miguu, na mtoto wa miaka miwili mgongoni ana homa. Hajui kituo kiko upande gani wa mji, wala hajui kama siku ya leo ni ya wagonjwa wote au ni ya kliniki ya wajawazito na chanjo. Jambo analoliona ni kibanda cha dawa kilichoko hatua chache kutoka alipolala, chenye makopo yaliyopangwa kwenye ubao. Muuzaji haulizi maswali mengi. Anakata vidonge vinne vya kushusha homa na viwili vya antibiotiki, anavikunja katika kipande cha karatasi. Homa inapungua usiku, inarudi alfajiri. Siku ya pili au ya tatu jirani anamwambia kuna kituo. Huko anaambiwa anunue fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, kisha alipie kipimo, na maelezo ya dawa yanaandikwa kwa Kifaransa ambacho hakisomi. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni na dakika kama kumi na tano za kusubiri. Wataalamu wa malaria wanashauri mtoto aanze dawa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Mama huyu alikuwa na saa hizo. Alizitumia akiwa mitaa michache tu kutoka kwenye dawa iliyomfaa mwanawe. Mtoto akishapungukiwa damu, vidonge havitoshi tena: anahitaji sindano ya artesunate, huenda na kuongezewa damu, na hilo linataka hospitali, usafiri, na barabara ya matope ambayo mvua ikinyesha pikipiki nayo huiogopa.

Tatizo hili halimhusu mgeni peke yake. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, ulitufundisha mambo mawili ambayo tumeharakisha kuyasahau. La kwanza lilionekana katika mji wa Beni miezi ya mwanzo: watoto wengi waliambukizwa kwenye vijumba vya tiba vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano za kisasa, walikopelekwa kutibiwa malaria. Wazazi hawakuvichagua kwa ujinga. Vilikuwa karibu, vilifunguliwa usiku, vilikopesha, na mwenye nacho alikuwa mtu wanayemfahamu. La pili lilitokea Goma, Julai 2019, pale mgonjwa wa pili wa Ebola kuthibitishwa katika jiji hilo alipogundulika kuwa mchimba dhahabu aliyetoka machimbo ya Mongbwalu, Ituri. Alikaa na dalili siku kadhaa, akihudumiwa nyumbani na katika kituo cha kawaida, kabla ya kufikishwa kwenye kituo cha Ebola alikofariki, na baada yake watu wa nyumba yake waliambukizwa. Mchimbaji anayehama kutoka shimo hadi shimo ndiye mtu ambaye mfumo uliopangwa kwa mipaka ya maeneo hauna daftari la kumwandika. Anapopotea ndani yake, anayelipa gharama ni jiji zima.

Kwa magonjwa mengine gharama hiyo hupimwa kwa saa, na kwa mengine hupimwa kwa miezi. Mwanamke aliyebakwa njiani au shambani, jambo ambalo Masisi limeripotiwa hadi kuchosha masikio, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Zikipita, dawa hizo hazina kazi tena. Ndani ya saa 72 anatakiwa afike mahali salama, apate wa kumwamini, ajue kwamba dawa kama hizo zipo, ajue zinatolewa wapi, na ajue kwamba hatatakiwa kwanza alete karatasi ya polisi. Mwenyeji anaweza kuyajua yote hayo kupitia dada, shangazi au mama wa kanisani. Mgeni hana hata mmoja kati ya hao. Upande wa pili kuna kifua kikuu, ugonjwa unaopenda mahali watu wanapolala wengi chumba kimoja na kushinda wamejibana shimoni. Dawa zake za kawaida humezwa miezi sita mfululizo. Mchimbaji anaanza dozi Rubaya, bei inashuka au mapigano yanaanza, anahamia wilaya jirani ya Walikale. Huko anajisikia nafuu, hana barua ya kumwelekeza kwenye kituo kingine, na anaacha. Vimelea vilivyobaki kifuani mwake vinajifunza kuishi na dawa. Kinachomtofautisha na mgonjwa aliyepona ni karatasi moja ya uhamisho na mtu mmoja wa kumpokea upande wa pili.

Pingamizi la kwanza ni zito, na anayelipuuza haijui Kongo: maskini hakosi njia, anakosa fedha. Tangu Mpango wa Bamako wa mwaka 1987, vituo vya nchi nyingi za Afrika vilielekezwa kuchangisha wagonjwa ili vijiendeshe, na nchini Kongo, ambako mshahara wa serikali mara nyingi haumfikii muuguzi wa mashambani, malipo ya mgonjwa ndiyo yaliyokuwa yakimlisha muuguzi huyo. Wapo waliozuiliwa hospitalini baada ya kupona au kujifungua mpaka ndugu wachange. Nakubali kwamba bei ni ukuta. Lakini tuangalie jinsi ukuta huo ulivyojengwa. Mahali shirika kama Madaktari Wasio na Mipaka linaposaidia, kama linavyofanya katika hospitali kuu ya Masisi tangu mwaka 2007, matibabu ni bure. Mahali pengine yanalipiwa. Na kituo kilichokuwa bure mwaka jana huweza kuwa cha malipo mwaka huu kwa sababu mradi umekwisha. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo, ilipokata fedha zake, ramani ya mahali penye huduma ya bure ilibadilika kwa ghafla. Anayejua ramani hiyo anatembea mbali kidogo na kutibiwa bila kulipa. Asiyeijua anauza sufuria ili alipe, au anabaki kitandani. Kwa hiyo bei na njia haviwezi kutenganishwa. Kuondoa malipo bila kuwaambia walengwa ni sadaka inayobaki mkononi mwa mtoaji, na wanaofika kuichukua kwanza ni wale waliokuwa na uwezo wa kusikia habari.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenyeji, na lina haki yake. Kwa nini mgeni atafutwe mlangoni kwake wakati mwenyeji, ambaye shamba lake limechimbwa na kisima chake kimechafuliwa, anapanga foleni? Mtu akiona jirani wa kwenye bashi anapewa chandarua na yeye hapewi, chuki inazaliwa, na Masisi haihitaji chuki zaidi. Jibu lipo katika mfano wa jirani zetu wa Uganda. Kambi ya Rwamwanja ilifunguliwa tena mwaka 2012 kupokea Wakongomani waliokimbia vita vya uasi wa kwanza wa M23, na wengi wao walitoka Kivu Kaskazini. Uganda haikujenga hospitali za wakimbizi pembeni ya hospitali za raia: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 mkimbizi anatibiwa katika vituo vilevile vya umma, na wafadhili wanatarajiwa kuelekeza takriban asilimia 30 ya msaada wao kwa wenyeji wa eneo husika. Mpango huo una matobo mengi. Dawa huisha, na mgonjwa anayejua Kiswahili na Kinyarwanda hulazimika kutafuta wa kumtafsiria mbele ya muuguzi. Hata hivyo unaonyesha kwamba ujio wa mgeni unaweza kumletea mwenyeji wodi ya uzazi ambayo hakuwa nayo. Isitoshe, kipindupindu kikiingia kwenye chemchemi ya upande wa vibanda, ndoo za mji mzima huchota humo. Kumtafuta mgeni mapema ni kumkinga mwenyeji.

Wengine watasema kuwa huu wote ni mjadala wa wakati wa amani. Rubaya iko chini ya utawala wa waasi, Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege wa jiji hilo ulifungwa, benki nazo zilifunga, na dawa zinafika kwa njia za kuzunguka. Nani atapanga mapokezi ya wagonjwa katika hali hiyo? Naona vita vinaikazia hoja yangu. Januari 2025, mapigano yalipoufikia mji wa Masisi, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya ua wa hospitali kuu. Hawakuwa wote wagonjwa. Walikwenda mahali walipoamini kwamba hawataulizwa wao ni nani. Imani hiyo ni mali ya thamani kubwa katika nchi ya Masisi, ambako swali la nani ametoka wapi limewahi kuua. Wakoloni wa Kibelgiji walihamishia huku maelfu ya familia kutoka Rwanda kati ya mwaka 1937 na 1955 ili wapate vibarua na kupunguza njaa kule. Vizazi vilivyofuata vilipewa uraia, vikanyang'anywa, vikapewa tena. Mwaka 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto huko Walikale yakasambaa Masisi yote. Katika nchi yenye kumbukumbu hizo, karani wa kituo anayemuuliza mgonjwa kijiji cha asili na kabila lake hajazi fomu tu, anamkumbusha hatari. Kituo kinahitaji kujua mgonjwa analala wapi usiku huu, ili kimfuatilie, na amepata chanjo zipi. Zaidi ya hayo hakihitaji, na mgonjwa akiona hakiulizwi kinachomtisha, atarudi.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa afya wenyewe: kazi hii ina wenyewe, ndio reko, na tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Ni kweli, na ndipo palipo matumaini. Lakini reko ni mtu wa kujitolea. Anapita asubuhi akiwa na njaa, na akipata kibarua cha siku hapiti. Pia amechaguliwa na mtaa wake, kwa hiyo anaujua mtaa wake. Vibanda vilivyoota wiki iliyopita havina reko, na shimoni, ambako mamia ya vijana wanashinda mchana kutwa, hapiti reko kabisa. Hayo yanarekebishika bila kungojea katiba mpya. Reko wachaguliwe pia miongoni mwa waliofika karibuni, watu wanaojua Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili cha njiani, na walipwe posho ya kudumu badala ya fulana na soda siku ya semina. Wakuu wa mashimo, ambao wanamjua kila kijana anayeshuka, wafundishwe dalili chache na wapewe kazi ya kumpeleka mgonjwa kituoni. Bei na huduma za bure zibandikwe nje ya kituo kwa Kiswahili, na zisomwe kanisani, msikitini na kwenye redio. Kila mgonjwa wa dawa za muda mrefu apewe karatasi yake kabla hajahama, si baada ya kuiomba.

Atakayesema watu wa Rubaya wanahamahama mno kiasi cha kutohesabika, aangalie wanavyohesabiwa wakiwa na mzigo. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2024, magunia ya coltan ya milima hii yalikuwa yakipimwa na kufungwa lebo zenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue madini yametoka shimo gani. Baada ya M23 kuushika mji, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya si chini ya dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa madini hayo. Ushuru haukusanywi bila mtu kuhesabu kilo. Lakini mwishoni mwa Januari 2026 udongo ulipoporomoka kwenye machimbo, msemaji wa utawala uliowekwa na waasi alitaja waliokufa kuwa zaidi ya 200, idadi ya kukadiria. Uwezo wa kuhesabu upo basi, hadi kwenye mteremko wa mlima. Umeelekezwa kwenye gunia, na serikali zote zilizopita Rubaya zimeridhika hivyo.

Nchi tajiri nazo zimejifunza kwamba mgeni hawezi kuachwa aibahatishe njia. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2025, Mkongomani aliyetoka kambini na kupewa makazi Marekani alikuta shirika lililopewa kazi ya kumpeleka kwenye uchunguzi wa kwanza wa afya, na hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa imtafutie mkalimani. Hata huko huduma hiyo ni ya kwanza kukatwa: mwaka 2025 bima ya mpito ya wakimbizi ilipunguzwa kutoka miezi 12 hadi minne, kana kwamba kuujua mfumo mgeni ni kazi ya msimu mmoja. Lakini msingi ulishakubaliwa, kwamba kupokea ni huduma yenye bajeti, wafanyakazi na muda wake. Kongo iliukubali pia kwa maneno: kifungu cha 47 cha katiba ya mwaka 2006 kinadhamini haki ya afya, bila kutaja ukaazi.

Ndiyo maana nadhani tunavipima vibaya vituo vya mahali kama Rubaya. Tunauliza kituo kina vitanda vingapi, kimetibu wagonjwa wangapi, kimechanja watoto wangapi kati ya waliohesabiwa. Maswali hayo yote yanampima mtu aliyekwisha kupita mlangoni. Liongezwe moja: zinapita siku ngapi kati ya mtu kufika mjini na kukutana na mhudumu wake wa kwanza wa afya, akiwa mzima au mgonjwa? Jibu lake linapatikana kwa kuuliza swali hilohilo kwa kila anayeandikiwa fishi kwa mara ya kwanza, na halihitaji mashine. Kama ni siku moja au mbili, mtoto mwenye homa na mwanamke mwenye saa 72 wana nafasi. Kama ni majuma matatu, basi hata tungeongeza majengo, tungekuwa tunawaongezea nafasi wale waliokwisha kuijua njia.